Kufufua injini ya turbo Lubumbashi: kipimo kabla ya nguvu

Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na gari hulijua hilo kabla ya dereva. Kwenye mwinuko huu kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam ni 101. Kila silinda inapovuta pumzi hupata hewa pungufu kwa karibu asilimia 13. Injini isiyo na turbo huupokea upungufu huo na kunyamaza. Yenye turbo inaweza kurudisha kilichopotea, na ni kwa kazi hiyo hasa turbo ilijipatia heshima. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo lake. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric akapandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,200. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 kwenye nchi ya chini ilishuka hadi 230 kule mlimani. Ilipofungwa turbo, ilitoa 356.

Nautaja mlima huo kwa sababu mafundi wetu wengi, wakishafungua injini ya turbo ndani ya parseli, yaani ua wa nyumbani, swali lao la kwanza ni namna ya kuongeza msukumo. Kwa hapa kwetu hilo ni swali la mwisho. Turbo ya Lubumbashi tayari inafanya kazi kubwa kuliko ile ya pwani, na mabadiliko yenye faida ni yale yanayoondoa joto na kuzuia vumbi. Kazi ninayoichambua ilifanyika Katuba, hapahapa Lubumbashi, chini ya paa la mabati, kwa mkono wa fundi mmoja na vijana wake wawili, na mpangilio wake ndio ulionivutia.

Injini yenyewe ni 1KZ-TE ya Toyota, silinda nne, sentimita za ujazo 2,982, kipenyo cha silinda milimita 96 na mwendo wa pistoni milimita 103. Imekuja na Prado na Hilux Surf zilizotumika Japani, zikashushwa Dar es Salaam, zikapita Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, usukani ukiwa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu na haina matata. Kulasi, yaani kichwa cha silinda, ni ya alumini, na hapo ndipo penye ugonjwa wake unaojulikana kila mahali injini hii ilipofika: hupasuka kati ya vali, na kuzunguka chumba kidogo ambamo mazuti, yaani dizeli, huanzia kuwaka.

Kulasi haipasuki bila sababu, na fundi asiyeitafuta sababu hiyo anafunga nyingine ipasuke tena. Yule wa Katuba alianza na mfuniko wa rejeta. Kwenye mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima wa baa 0.9 huyabana maji hadi yasichemke mpaka karibu nyuzi 116. Mfuniko uliochoka, ambao mpira wake umekauka, hauwezi kubana chochote, kwa hiyo gari lililobeba mzigo kwenye mlima wa barabara ya Likasi linachemka ndani ya kulasi wakati geji ya dashibodi bado inaonyesha hali ya kawaida. Povu la mvuke linakaa mahali palepale penye joto kali kuliko pote, kati ya vali mbili, na alumini inabaki bila maji ya kuipoza. Kipuri cha bei ndogo kabisa ndicho kinachoua kipuri cha bei kubwa kabisa.

Jambo la pili ni thamostati. Desturi ya kuitoa na kuitupa imeenea mno, eti injini ipoe vizuri. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kazi mbili: kufungua njia ya rejeta na, wakati huohuo, kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa. Fundi alinunua mpya, akaijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto, akaifunga. Mifereji ya maji ya bloku ilisafishwa hadi chini, kwa sababu miaka ya maji ya bomba bila dawa ya kupozea huacha chokaa na kutu vinavyokaa kwenye chuma na kuzuia joto lisitoke.

Kulasi ya zamani ilikuwa na ufa uliofika kwenye njia ya maji. Yapo mawazo ya kuichomelea, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Mimi naona haifai kwa injini hii. Alumini iliyochomelewa penye joto kali kama pale, kati ya vali na chumba cha mwako, inataka kupashwa moto taratibu, kupozwa taratibu na kuchongwa upya kwenye mashine sahihi, na hata hapo unabaki na shaka. Kulasi mpya tupu ilinunuliwa. Kabla ya kufungwa nayo ilijaribiwa: njia za maji zikazibwa, ikajazwa hewa kutoka kompresa, ikazamishwa kwenye pipa la maji ya moto, na vijana wakatazama kama kuna mapovu. Kipuri kipya nacho hupimwa.

Sasa tufike penye utamu wa kazi yenyewe, yaani bloku. Mji huu haukukosa utamaduni wa kupima. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, na Ateliers Centraux de Panda kule Likasi zilitengeneza vipuri vya mashine za migodi. Makao makuu ya reli ya SNCC yako hapahapa, na Wasalesiani wanafundisha ufundi Institut Salama na Cité des Jeunes. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka na ujuzi wao katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kwa hiyo maikromita na dayali si vyombo vigeni hapa. Kinachokosekana mara nyingi ni subira ya kuvitumia ndani ya parseli, mwenye gari akiwa amesimama nyuma yako anauliza jioni ataondoka saa ngapi.

Silinda zilipimwa kwenye vina vitatu, juu, katikati na chini, na kila kina kwa pande mbili: upande wa kuelekea mbele ya gari na upande unaokata huo. Silinda huisha zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na hupata umbo la yai kwa kuwa pistoni inasukuma ukuta upande mmoja. Tofauti zinazotafutwa ni za sehemu za mia za milimita, ambazo kidole hakiwezi kuzihisi. Vipimo vikasema bloku ipelekwe kwenye karakana ya kuchonga vyuma ipanuliwe saizi moja, pistoni zinunuliwe za saizi hiyo. Hapo ndipo ufundi wa nyumbani unapokiri mpaka wake, na fundi mwema anajua mpaka huo ulipo. Kabla ya kuvishwa kwenye pistoni, kila ringi iliingizwa peke yake ndani ya silinda yake, ikanyooshwa kwa kichwa cha pistoni, na pengo la ncha zake likapimwa kwa fila, kile kibamba chembamba cha kupimia mapengo. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata joto ncha zake hukutana na kukwangua ukuta, na injini ya turbo ina joto kupita kiasi cha kuvumilia kosa hilo.

Kisha likaja suala la gasketi ya kulasi, ambalo wengi hulimaliza dukani kwa kuomba tu gasketi ya 1KZ. Toyota huitoa kwa unene tofauti, kila unene ukiwa na alama yake iliyokatwa pembeni, na unaochaguliwa hutegemea pistoni inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku. Fundi alisimamisha dayali juu ya bloku, akazungusha krankshafti taratibu kwa ufunguo mrefu, macho yake yakiwa kwenye sindano. Sindano ilipanda, ikasita, ikaanza kurudi. Akairudisha nyuma kidogo hadi pale iliposita, akasoma, akaandika namba kwa chaki kwenye bloku. Alipima sehemu mbili za kila pistoni, juu ya mstari wa pini yake, mahali pistoni isipoyumba. Silinda zote nne. Gasketi ikachaguliwa kwa pistoni iliyochomoza zaidi. Ikiwa nyembamba mno, pistoni na vali hukaribiana kwa hatari. Ikiwa nene mno, mgandamizo unashuka, na injini hii yenye mgandamizo wa 21.2 kwa 1 itasumbua kuwaka asubuhi za Juni, baridi ya Katanga inapouma.

Turbo ilifunguliwa mwisho. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa oili. Kwa hiyo uhai wake unategemea mabomba mawili: lile jembamba linaloleta oili na lile pana linaloirudisha kwenye karta, sufuria ya oili chini ya injini. La kuleta lilikuwa limeganda kaboni ndani, na kulisafisha kwa waya ni kujidanganya, likabadilishwa. La kurudisha linataka kushuka bila kona na bila kizuizi. Silikoni ya kuziba ikipakwa kwa wingi pale kwenye flanji, hujiminya kuelekea ndani na kufunga nusu ya njia. Oili inayokosa pa kushukia hupita kwenye vizuizi vya shafti, ambavyo ni ringi za chuma, si mpira, na gari linaanza kutoa moshi wa buluu. Turbo nyingi hutupwa kwa kosa la bomba.

Mapezi ya upande wa hewa yalikuwa yamelika kwenye ncha. Hilo ni vumbi letu jekundu. Kuanzia Mei mvua hukatika hadi karibu Oktoba, na hewa chafu ikipata tundu kati ya chujio na turbo, inakula mapezi kwanza kisha ringi. Hivyo badiliko la kwanza la kweli kwenye injini hii likawa bomba jipya la hewa lenye klempu imara pande zote mbili, na boksi la chujio lililozibwa vizuri kwa mpira. Halipendezi kuonyesha marafiki. Mimi naliweka juu ya mengine yote.

La pili ni intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, kwa kuwa 1KZ za mwanzo hazikuja nayo. Hapa hesabu ya mwinuko inarudi. Tuseme tunataka hewa ya kilopaskali 171 ndani ya injini, yaani msukumo wa baa 0.7 kule pwani. Pwani turbo huizidisha kanieneo ya nje mara 1.7. Hapa, kutoka 88 hadi 171, ni mara 1.94. Hewa inayobanwa hupata joto: kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 65, siku ya nyuzi 30, hewa itatoka na nyuzi 105 hivi pwani na 128 hivi kwetu. Intakula ikiishusha hadi 60, kwa kanieneo ileile injini inapata hewa zaidi kwa asilimia 20. Ilifungwa mbele ya rejeta ikiachiwa nafasi ya upepo kupita, na maungio ya mabomba yakapakwa maji ya sabuni na kujazwa hewa ili kila pavujapo paonekane.

La tatu ni geji ya joto la moshi, kihisio chake kikiwa kwenye manifoldi kabla ya turbo. Tundu lilitobolewa manifoldi ikiwa mezani, kwani chembe moja ya chuma ikibaki ndani itapiga mapezi ya turbo siku ya kwanza. Kwenye mazuti kanuni ni nyepesi: mafuta mengi huongeza joto, hewa nyingi hulipunguza. Mwinuko ukipunguza hewa na mtu akaongeza mafuta, anayeyusha vichwa vya pistoni. Dereva alielezwa kwamba mlimani sindano ikikaribia nyuzi 700 anaachia pedali na kushusha gia. Msukumo wenyewe uliachwa karibu na wa kiwanda. Kompyuta ya injini inaupima na kupunguza mafuta ukipita kiasi, lakini sababu kubwa ni ile hesabu ya 1.94: turbo hii haina akiba ya kuchezea.

Kabla ya kuwashwa, turbo ilimiminiwa oili kwa mkono, mafuta yakazuiwa, na stata ikazungusha injini kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazimika. Safari za mwanzo zilikuwa za barabara ya Kasumbalesa, mzigo ukibadilikabadilika, bila kukaa kwenye kasi moja, maana ringi mpya hukaa vizuri zikisukumwa na mgandamizo. Baada ya kilomita mia chache oili ilimwagwa na chujio likakatwa kwa msumeno, karatasi yake ikakunjuliwa juani. Vumbi laini la kijivu kwenye mikunjo ni ringi zinazojitengenezea njia, na hilo ndilo lililoonekana. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba vingekuwa beringi, na injini ingeshushwa siku hiyohiyo.