Vipimo vya Ulimwengu na Safari ya Mbega

Ramani ya kawaida ya Handeni na Korogwe ina vipimo viwili tu, urefu na upana. Juu ya karatasi hiyo Korogwe na Vugha ni nukta mbili zilizokaribiana. Lakini mji wa Korogwe uko kando ya Mto Ruvu, uitwao pia Pangani, kama meta 300 tu juu ya usawa wa bahari, na Vugha iko milimani, kupita meta 1,000. Bila ya kipimo cha tatu, yaani kimo, habari za Wakilindi hazifahamiki.

Jambo hili lafaa kukumbukwa kila vipimo vya ziada vinapojadiliwa. Mwaka 1884 Mwingereza Edwin Abbott alitunga kisa cha viumbe waishio juu ya bapa, wasiojua juu wala chini. Tufe lipitapo katika nchi yao huonekana kuwa duara litokealo pasipo mlango, likapanuka, likasinyaa, likatoweka. Kwao huo ni muujiza; kwa ajuaye kimo ni mwendo tu.

Wanafizikia nao waliliendea wazo hilo kwa hesabu. Mwaka 1908 Minkowski aliunganisha wakati na nafasi kuwa kitu kimoja chenye vipimo vinne. Mwaka 1921 Kaluza aliongeza cha tano, na humo kanuni za uvutano zikazaa kanuni za umeme na sumaku. Mwaka 1926 Klein akaeleza kwa nini hakionekani: kimejikunja, ni kidogo mno. Nadharia za nyuzi zilizofuata zilidai vipimo kumi, au kumi na kimoja, ila majaribio hayajathibitisha hata kimoja cha ziada. Hata hivyo mvuto wa wazo la Kaluza haukuwa katika idadi, bali katika kazi: liliunganisha mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali.

Kigezo hicho chafaa kwa fasihi pia. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert aliumba nchi iliyo hewani na wajumbe waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Vipimo vyote vitatu vimetimia. Lakini mbinguni na ardhini ni majina tu kando ya yale manne. Mjumbe arudiye kutoka juu hutiwa kifungoni sawasawa na wenzake. Mwandishi alikusudia hivyo, kwa kuwa mbele ya serikali isiyotaka kusikia pande zote ni moja. Kwa fumbo la sheria ni ustadi. Kwa wazo la nafasi ni umaskini.

Kinyume chake ni Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemed bin Ali Ajjemy, iliyochapwa upya mwaka 1962. Mbega ni kigego, mzaliwa wa Ngulu, milima iliyokuwa katika wilaya ya Handeni hadi Kilindi ilipotengwa mwaka 2002. Ndugu zake wanamnyima urithi. Anakwenda Kilindi, na mwana wa mkubwa wa huko anapouawa katika kuwinda nguruwe, anakimbia. Atokaye Ngulu kwenda Usambara hana budi kushuka, kuvuka Ruvu, kisha kupanda. Wasambaa hutofautisha Shambaai, nchi ya mlimani, na nyika iliyo chini; basi apandaye hubadili mazao, maradhi na jamaa. Kwa wakulima wa huko juu, walioliwa mazao na nguruwe, ufundi wa mwindaji ukawa neema, na nyama aliyowagawia ikamfikisha kwenye enzi ya Vugha. Kimo kimeunganisha uwindaji na utawala.

Atakayesema kwamba mlima si kipimo cha tano asema kweli. Lakini mwandishi kijana atakaye kubuni ulimwengu wa vipimo saba na ajiulize kwanza swali ambalo Ajjemy amekwisha kulijibu: mtu akielekea upande huo mpya, ni jambo gani litawezekana ambalo halikuwezekana alikotoka? Asipokuwa na jibu, ameongeza tarakimu, hakuongeza ulimwengu.