Mfuko wa Kwanza: Utafiti wa Katumani Ulivyobadili Swali la Ukame

Kituo cha utafiti cha Katumani kiko kusini ya mji wa Machakos, Kenya, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwaka hupata wastani wa milimita kama 700 za mvua, nayo huja kwa misimu miwili: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa huko halimi wastani. Kuna msimu mvua humwagika mpaka makinga maji yanabomoka, na kuna msimu hukatika ghafla mahindi yakiwa hayajatoa mbelewele. Utafiti uliofanyika hapo kwa miongo kadhaa ulitafuta jinsi ya kulima palipo na mashaka ya namna hiyo, na ninauona kuwa miongoni mwa kazi bora za kilimo zilizowahi kufanyika katika eneo letu.

Jibu la kwanza lilikuwa mbegu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakulima walipewa Katumani Komposita B, mahindi ambayo watu wengi wanayaita Katumani tu. Siri yake haikuwa kuvumilia ukame. Mahindi haya huukimbia: hutoa maua katika miezi miwili hivi, kisha hujaza punje kabla unyevu haujaisha ardhini. Na kwa kuwa si chotara, mkulima aliweza kuchagua magunzi mazuri na kuweka mbegu ya msimu unaofuata bila kurudi dukani. Mbegu hiyo ilivuka mpaka, ikalimwa na kwenye maeneo makavu ya Tanzania. Hata hivyo, mavuno ya mashamba ya watu yalibaki chini sana ya yale ya kituoni, ingawa mbegu ilikuwa ile ile na mvua ilinyesha kote kote.

Jibu la pili lilihusu kusoma msimu. Mtafiti wa Marekani, J. Ian Stewart, alipopekua kumbukumbu za mvua za Ukambani, eneo kilipo kituo hicho, aliona kwamba mvua zinazoanza mapema kwa kawaida hudumu zaidi, na zinazochelewa huishia vibaya. Kwa hiyo akashauri mkulima aanze na mpango wa wastani, aangalie mvua za mwezi wa kwanza, ndipo aamue: msimu ukionyesha heri, aongeze mbolea ya kukuzia, ukionyesha shari, apunguze miche ili iliyobaki igawane maji kidogo yaliyopo. Ni ushauri wa busara, na wakulima wazee wa sehemu nyingi kavu wangeutambua. Lakini faida yake ilikuwa kiasi gani hasa? Ili kuipima kwa majaribio ya shambani ungehitaji miaka mingi sana, maana kila msimu hujitokeza na tabia yake.

Hapo ndipo kazi iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 ilipoleta njia mpya. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ilishirikiana na wanasayansi wa Australia kutoka CSIRO, taasisi ya sayansi ya nchi hiyo, chini ya ufadhili wa ACIAR, kituo chake cha utafiti wa kilimo wa kimataifa. Walichukua CERES-Maize, modeli ya kompyuta ya mahindi iliyotengenezwa Marekani. Modeli ya aina hii hufanya hesabu siku baada ya siku: mvua iliyonyesha leo, kiasi kilichotiririka juu, kilichozama katika kila tabaka la udongo, kilichopanda tena angani kwa jua, kilichonyonywa na mizizi, kisha nitrojeni iliyoachiliwa na udongo, na ukubwa wa majani yanayoweza kujengwa kwa vitu hivyo vyote.

Modeli haikufaa ilivyokuja. Ilibidi irekebishwe ifuate ukuaji wa aina za Katumani, na itambue jambo ambalo waliolima kwenye mvua za kutosha hawakulazimika kulifikiria: mmea ukibanwa sana na kiu haupunguzi mavuno tu, hufa. Marekebisho hayo yalitegemea majaribio halisi ya shambani, tena mengi. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi kuna watu wanaodhani kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya jembe la mtafiti. Katumani kompyuta ilifuata jembe.

Modeli ilipokuwa tayari, watafiti waliilisha kumbukumbu za mvua za miongo iliyopita. Sasa mbinu moja iliweza kupimwa katika msimu baada ya msimu, mwema na mbaya, bila kungoja. Waliweza kuuliza: mkulima akipanda miche mingi na asiweke mbolea, miaka mingapi angepata hasara? Akiweka mbolea kidogo, je? Akifuata ushauri wa Stewart wa kubadilika kulingana na mvua, angeongeza nini?

Matokeo yaliyojadiliwa kwenye kongamano la mwaka 1990 yaligeuza swali lenyewe. Kubadilika na msimu kulileta faida, lakini faida ya wastani. Faida kubwa zaidi ilitokana na jambo ambalo wengi waliliona kuwa la nchi zenye mvua nyingi: rutuba. Udongo ulikuwa umechoka kwa kulimwa bila kurudishiwa chochote, na samadi ya mazizini, ambayo mara nyingi hukaa juani mpaka nitrojeni yake ikapotea, haikutosha. Kwenye udongo wa namna hiyo, hata kuongeza idadi ya miche hakukusaidia, maana chakula kile kile kidogo kiligawanywa kwa midomo mingi zaidi.

Kinachoonekana kama kitendawili kina maelezo mepesi. Muhindi wenye njaa ya nitrojeni huwa na majani machache na membamba. Ardhi kati ya mistari hubaki wazi, jua linaipiga, na maji yanapotea hewani bila kupitia kwenye mmea. Mizizi nayo hubaki mifupi, isifikie unyevu wa chini. Ulishe mmea huo, hata kidogo, utafunika ardhi mapema na kuteremsha mizizi, na milimita zile zile za mvua zitatoa punje zaidi. Mara nyingi, basi, kilichoitwa uhaba wa mvua kilikuwa mvua iliyokosa mmea wenye nguvu ya kuitumia.

Hata hivyo, mkulima wa eneo kavu alikuwa na sababu ya maana ya kuogopa mbolea ya dukani. Ushauri rasmi ulilenga mavuno ya juu kabisa, nao ulidai mifuko ambayo angeinunua kwa fedha za ada ya shule, kisha mvua ikatike. Watafiti walihitaji kuacha kuuliza ni kiasi gani cha mbolea kinatoa mavuno makubwa zaidi, waulize ni kiasi gani kinatoa punje nyingi zaidi kwa kila kilo iliyonunuliwa, na hasara yake inabebeka mwaka mbaya ukija.

Swali hilo lilijibiwa vizuri zaidi Zimbabwe. Kutokana na kazi ya Katumani na nyinginezo, Waaustralia walijenga modeli pana zaidi iitwayo APSIM. Wanasayansi wa ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya maeneo makavu, waliokuwa Matopos, karibu na Bulawayo, waliitumia kuchunguza mashamba ya kusini mwa nchi hiyo. Hesabu zikaonyesha kwamba nitrojeni ya kwanza kabisa ndiyo yenye faida kubwa. Wakachagua kilo 17 za nitrojeni kwa hekta, sawa na mfuko mmoja wa kilo 50 wa amonia naitreti. Kipimo cha shambani kikawa kizibo cha chupa.

Kuanzia msimu wa 2003/04, kwa miaka mitatu, majaribio zaidi ya 2,000 yalifanywa kwa kulinganisha vipande viwili vya ardhi, chenye dozi na kisicho nayo. Mavuno yaliongezeka kwa asilimia 30 hadi 50 katika udongo na misimu ya kila aina. Ili kupata faida, mkulima alihitaji kilo 4 hadi 7 za nafaka kwa kila kilo ya nitrojeni. Kwa kawaida alipata 15 hadi 45. Pengo hilo ndilo linalonishawishi kuliko asilimia zenyewe: hata msimu ukiharibu nusu ya faida, bado hajapoteza.

Niger walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Mchanga wa huko una uhaba mkubwa wa fosforasi, hivyo dozi huwekwa shimoni wakati wa kupanda uwele: gramu 6 za mbolea ya NPK, yenye fosforasi ndani yake, kwa shimo, kiasi kinachobebwa na vidole vitatu. Kwa mashimo 10,000 katika hekta, hizo ni kilo 60. Huko pia waliunganisha mbolea na ghala: mkulima anaweka nafaka, anapata mkopo juu yake, na haiuzi wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Wanaojua stakabadhi ghalani hapa Tanzania wataielewa mara moja.

Mbinu hii ina mpaka wake, na asiyeutaja anamdanganya mkulima. Tani moja ya mahindi huondoka shambani na nitrojeni karibu kilo 15, na mabua yakiliwa na ng'ombe huondoka na nyingine. Kilo 17 haziwezi kuulisha mmea na kuurutubisha udongo pia. Dozi ndogo ni ya kumnyanyua mkulima mpaka apate mabua zaidi, mifugo yenye afya na samadi zaidi, iliyofunikwa vizuri isipoteze nguvu. Mbaazi zinazopandwa kati ya mahindi ziendelee kuwepo, maana huongeza nitrojeni kutoka hewani. Na pasipo makinga maji kwenye mteremko, mbolea hiyo hiyo itasombwa mtoni.

Kwa hiyo nina ombi kwa wizara za kilimo na taasisi za utafiti za nchi zetu, TARI ya Tanzania na KALRO ya Kenya zikiwa mbele. Kwa kila wilaya kavu, tangazeni ushauri wa mfuko wa kwanza: unawekwa lini, kwa kipimo gani cha mkononi, na mwaka wa ukame unamwachia mkulima nini. Ruhusuni mbolea iuzwe kwa vifurushi vya kilo moja na mbili vyenye ubora uliokaguliwa. Na bwana shamba anapokwenda kijijini, aende na jibu la mtu mwenye fedha za mfuko mmoja, kwa sababu wakulima walio wengi ni kama huyo.