Kupima Albamu Inayofuata Wimbo Uliovuma

Albamu inayotolewa baada ya wimbo kuvuma hupimwa kwa swali moja: nyimbo zake zingesimama zenyewe kama ule wa kwanza usingekuwapo? Mkoani Kagera, mfano mashuhuri wa wimbo wa namna hiyo katika muziki wa asili ni "Maria Salome" wa Saida Karoli, aliyeimba kwa Kihaya na kusikika Afrika Mashariki nzima kuanzia 2001. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walijenga wimbo wao "Salome" juu yake. Mwimbaji wa wilaya za Ngara au Biharamulo, mkoani humo, anayefuata njia hiyo hupimwa kwa mambo manne.

La kwanza ni ala. Inanga ni ubao uliochongwa kama kihori, wenye uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huko kwenye meno ya ncha zake mbili. Mlio wake ni mdogo; Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wa Ngara, mwimbaji hunong'ona ili asiufunike. Katika rekodi nzuri kidole husikika kikiachia uzi. Katika rekodi mbaya besi ya kinanda humeza kila kitu.

La pili ni ngoma. Mkono wa mpigaji haurudii pigo lilelile: moja huwa zito, jingine jepesi, jingine huchelewa kidogo. Mdundo wa kompyuta ulionakiliwa mwanzo hadi mwisho hutambulika kwa kutobadilika.

La tatu, na gumu zaidi, ni lugha. Kihangaza, kinachosemwa Ngara na kukaribiana na Kirundi na Kinyarwanda, ni lugha ya toni: kupanda au kushuka kwa sauti huweza kugeuza maana ya neno. Mtunzi anayechukua melodi ya wimbo wake uliovuma na kuivika maneno mapya hulazimisha silabi zipande pasipostahili. Mzee anayeijua lugha hulinasa kosa hilo mara moja, hata kama vyombo vimepangwa vizuri.

La nne ni mpangilio. Enzi za kanda, upande B ndio uliofichua mengi, kwa kuwa nyimbo kali huwekwa mbele. Nyimbo za mwisho zikiwa na kiitikio, mwendo na mwanzo uleule wa wimbo maarufu, albamu ni ya kujazia.

Albamu inayofaulu mambo haya manne ni ya kununua, hata ikikosa wimbo wa kuvuma.