Tazama Mguu Ulio Chini

Juzi hapa Khayega, kwenye maonyesho ya karate karibu na soko, kijana wa mkanda wa kijani alirusha mguu ukapita juu ya kichwa cha mwenzake. Umati ukapiga vigelegele, watu wazima wakamtunza pesa. Mimi niliona mwili uliolala nyuma, mikono inayoning'inia, na mguu ulioanguka wenyewe popote ulipotaka. Lile halikuwa teke. Watoto waliokuwa wakitazama wataliiga kesho, kwa hiyo lazima mtu aseme teke linapimwaje.

Kimo si kipimo. Najua kwamba katika taekwondo teke la kichwani lina alama 3 na la kifuani 2, na la kuzunguka huongezewa nyingine. Hesabu hiyo ni ya waliokwisha kufika. Hata katika Shotokan, mtindo wa karate, mateke ya juu yalikuja baadaye, zaidi kwa mkono wa Yoshitaka, mwana wa mwanzilishi wake, Gichin Funakoshi. Mkanda mweupe, yaani anayeanza, asipige juu ya kiuno. Hilo halina mjadala.

Sauti nayo si kipimo. Suruali iliyotiwa wanga hulia hata ikirushwa na mtu asiye na nguvu. Wala mbao zilizovunjika si kipimo. Nimemwona mmoja aliyekuwa akizikausha juu ya moto siku nzima, akazichana kidogo kwa msumeno upande wa chini, kisha akaitwa bingwa.

Kipimo ni mguu ulio chini. Mgeni wa mchezo huu hautazami kamwe, kwa sababu macho yake yameufuata ule unaoruka. Kwenye mawashi geri, yaani teke la mzunguko, mguu wa chini husimama juu ya sehemu pana ya unyayo nyuma ya vidole, goti limelegea kidogo, na kisigino huzunguka hadi kielekee kwa anayepigwa. Hapo ndipo nyonga hufunguka na uzito wa mwili wote ukaingia ndani ya teke. Kisigino kisipozunguka, nyonga hujifunga, na ule msokoto uliokosa njia huishia gotini. Udongo wetu hushika mguu mtupu vizuri, kwa hiyo anayekosea hulipa kwa goti mapema.

Udongo huohuo husema kweli. Baada ya mvua ya jioni, wapigishe wanafunzi kiwanjani, kisha waondoe usome chini. Aliyepiga vizuri huacha duara dogo lililosagwa, kisigino hakikuzama. Aliyepiga vibaya huacha unyayo mzima, umenyooka kama wa mtu anayesubiri matatu. Sihitaji kuuliza nani alisimama wapi.

Mpiganaji wa kickboxing Bill Wallace wa Marekani aliumia goti la kulia kwenye judo, akawa anapiga kwa mguu wa kushoto peke yake, na mwaka 1980 akastaafu bila kushindwa akiwa bingwa wa kulipwa. Goti lake lilipanda kwa namna moja tu, na kutoka hapo lingeweza kutoka teke la mzunguko, la ubavu au la ndoano. Mpinzani hakujua lipi linakuja. Dunia ikausifu mguu wa kushoto. Wakati wote huo uliombeba ni ule wa kulia, uliojeruhiwa.

Basi anayeanza ashike ukuta au mti. Anyanyue goti, asubiri. Ageuze kisigino, asubiri. Akunjue mguu polepole, aukunje tena kwa njia ileile, ndipo aushushe mahali alipochagua mwenyewe. Asiyeweza kukunja mguu kabla ya kuushusha hajapiga, ameangusha. Afanye kulia na kushoto sawasawa, na aanze kwa mae geri, teke la mbele. Pedi za kupigia zije baada ya miezi, si wiki.

Zamani hatukuonyeshwa mawashi kabla mae geri haijamridhisha mwalimu. Filamu za Bruce Lee tulizitazama kwenye vibanda vya video, lakini ndani ya dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, hakuna aliyethubutu kuziigiza. Tulichoka, ila tulisimama imara.

Magharibi hii ya Kenya ina watu wa kufika mbali. Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, alipiga taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Raundi ya kwanza ikamkutanisha na Milica Mandić wa Serbia, ambaye aliondoka na dhahabu yake ya pili. Huko ndiko watoto wetu wanakoweza kwenda, na huko hakuna atakayewashangilia kwa kurusha mguu tu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujalipa ada, nenda kiwanjani utazame visigino. Mwalimu anayewaruhusu watoto kupiga kichwani huku visigino vimeganda anawaharibia magoti. Mhamishe mtoto wako.