Mbingu Yenye Matuta

Juu ya meza yangu ziko nakala mbili za kijitabu kimoja. Maneno ni yale yale, picha ni zile zile, hata makosa ya chapa katika ukurasa wa 11 hayakurekebishwa. Kilichobadilika ni jalada, na katika jalada ni mbingu peke yake. Nakala ya kwanza ilichapwa mwaka 2018, shule niliyoiongoza hapa Mbeya ilipotimiza miaka 50. Ya pili ilichapwa mwaka uliofuata. Mwenye macho ya kawaida akizitazama kwa umbali wa hatua tatu ataona mlima Loleza jioni, na juu yake mbingu inayotoka kwenye buluu nzito hadi rangi ya chungwa. Akisogea karibu ataona kwamba mbingu ya kwanza imekatika vipande vipande, na ya pili imetulia.

Siku ya sherehe nilipewa nafasi ya kusema machache kama mkuu wa shule mstaafu. Nilikiinua kile kijitabu mbele ya mgeni rasmi na wazazi, nikasema kijana wetu ametulimia mbingu matuta, sasa tunangoja viazi tu. Watu wa nyanda zetu hizi wanayajua matuta ya viazi. Ukumbi mzima ulicheka. Kijana aliyelisanifu jalada lile, ambaye nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe, alikuwa amekaa karibu na vipaza sauti. Naye alicheka. Kuanzia siku ile watu wa Mwanjelwa, anakofanyia kazi, wakamwita Matuta, na wako waliopeleka kadi zao za harusi kwa fundi mwingine kwa sababu hawakutaka kadi zenye matuta.

Uhakiki nilioutoa ukumbini ulikuwa na maneno tisa, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya uongo. Hapa naandika mwingine, mrefu kidogo.

Kitu tunachokizungumza mafundi wetu hukiita gredienti. Mimi nitakiita mfifio, yaani rangi moja kuyeyukia katika nyingine bila jicho kuona mahali ilipovukia. Sisi tuliosomea ualimu zamani tuliufanya kwa chaki. Tulifundishwa kulaza kipande cha chaki ya rangi ubavu, kupaka juu ya ubao kwa mkono mwepesi, kisha kusugua kwa kidole hadi mpaka upotee. Tulichora bonde la ufa, maporomoko, machweo, na asubuhi yake zamu ya usafi ikafuta kila kitu. Kidole hakina hesabu. Kinajua tu kwamba bado, au tayari. Labda ndiyo maana niliamini kwamba mfifio wenye michirizi ni dalili ya fundi mvivu aliyeacha kusugua mapema.

Sasa tulitazame jalada la 2018 kwa haki. Lina makosa mawili, nayo hayafanani. La kwanza ni tope. Katikati ya mbingu, pale buluu inapokutana na chungwa, pana utepe wa rangi ya kijivu inayoelekea udongo, kama maji ya mto baada ya mvua. Katika kompyuta mtu huchagua rangi ya mwanzo na rangi ya mwisho, na programu ikamjazia za katikati. Lakini kiwanda cha uchapaji hakina wino wa buluu wala wa chungwa. Kina sayani, majenta, njano na nyeusi, basi. Buluu ya jioni hutengenezwa kwa sayani na majenta. Chungwa kwa majenta na njano. Ukizivuta zikutane moja kwa moja, katikati zote tatu zinakuwepo kwa wingi unaokaribiana, na wino tatu zikikaribiana hivyo huzaa kijivu au kahawia. Mtoto yeyote aliyewahi kuchanganya rangi zote katika kifuniko kimoja anayajua matokeo.

Kosa hili lilikuwa la msanii. Tena naliona kuwa ni kosa la kutotazama kuliko la kutojua mashine. Mwezi Juni, ukisimama Uyole jioni, jua huzama upande wa Loleza. Tazama juu ya mlima. Mbingu haitoki kwenye chungwa kwenda kwenye buluu. Inatoka kwenye chungwa, inapauka ikawa njano hafifu, ikafika mahali karibu na weupe ambapo huwezi kusema ni rangi gani, kisha buluu inaanza taratibu kutokea upande wa pili. Mbingu inapita penye mwanga. Msanii wetu aliipitisha penye tope.

Kosa la pili ndilo matuta, nalo ndilo nililolicheka. Nilikuja kulielewa nikiwa Iringa, nilikokwenda kumjulia hali dada yangu anayeishi Kihesa. Nilikuwa nimempelekea kijitabu kama zawadi. Jirani yake ni mzee aliyefanya kazi kwenye mashine za ofseti karibu maisha yake yote. Baada ya kamwene na habari za nyumbani alikichukua, akaingia ndani, akatoka na kioo kidogo cha kukuzia, kama kile cha fundi saa, akakiweka juu ya mbingu na kuniambia niiname.

Sikuona mbingu. Niliona nukta. Wino, aliniambia mzee, hauna nusu. Mahali pa karatasi pamepata wino au hapakupata. Tunachokiona kama buluu hafifu ni nukta ndogo za wino mzito katikati ya karatasi nyeupe, na tunachokiona kama buluu nzito ni nukta kubwa zilizokaribia kugusana. Kwa hiyo kufifiza rangi katika uchapaji ni kupunguza ukubwa wa nukta hatua kwa hatua. Swali ni moja: mashine yako inazo hatua ngapi?

Hapo mwalimu wa hesabu aliyemo ndani yangu aliamka. Kila nukta hujengwa kwa vijumba vidogo, mfano wa miraba ya daftari la hesabu. Mashine ya dukani iliyochapa jalada letu ilikuwa ya vijumba 600 kwa inchi moja, na ilipanga mistari 100 ya nukta kwa inchi. Gawanya 600 kwa 100 upate 6. Nukta moja basi ina nafasi ya vijumba 6 kwa 6, yaani 36. Unaweza kujaza kimoja, viwili, hadi vyote 36. Ukiongeza karatasi tupu unapata ngazi 37 za rangi, wala huwezi kupata ya 38. Sayani ya mbingu yetu ilishuka kutoka asilimia 70 hadi asilimia 30, tofauti ya asilimia 40. Asilimia 40 ya 36 ni 14 na kidogo. Niliomba rula ya mjukuu wa dada yangu. Mbingu ile ina urefu wa sentimita 15. Nikahesabu matuta: yalikuwa 14, kila moja sentimita moja na ushei.

Msomaji ambaye hesabu zilimchosha darasani anisamehe, lakini jambo hili lilinikosesha usingizi kuliko maneno matamu ya wahakiki wengi. Matuta yale hayakuletwa na uvivu wa mtu. Yalikuwa jibu sahihi la swali la kugawanya.

Lipo pia la jicho. Tofauti ya rangi kati ya tuta na tuta ilikuwa ndogo sana, mbona ilionekana hata kwa wazee wa viti vya nyuma? Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1860: rangi mbili zinazokaribiana zikipakana, jicho huukuza mpaka, likaona upande wa giza umezidi giza na upande wa mwanga umezidi mwanga. Hatuoni ngazi tu, tunazichonga pia. Mfifio kwa hiyo ni kazi ya kulishinda jicho linalopenda mipaka.

Mzee wa Kihesa aliniambia kwamba kazi ile ingepelekwa kwenye ofseti nzuri, bamba lake likichomwa kwa vijumba 2,400 kwa inchi na mistari 150, hesabu ingekuwa 16 kwa 16, yaani 256. Mbingu ile ile ingepata ngazi 102, kila moja milimita moja na nusu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, ni nani aliyeamua ipelekwe dukani.

Niliporudi Mbeya nilifungua jalada la kamati ya sherehe. Ilimo barua ya kijana, ukurasa mmoja. Aliandika kwamba jalada lichapwe kwa ofseti, na kwamba aonyeshwe karatasi ya majaribio kabla ya nakala zote kuchapwa. Chini yake upo uamuzi wa kamati: michango haikutosha, kazi ichapwe dukani, majaribio hayana haja. Sahihi ya mwenyekiti ni yangu. Katika simu yangu ulikuwemo bado ujumbe wake wa usiku, picha ya jalada iking'aa kwa mwanga wa kioo, ambamo rangi ni taa wala si wino, na jibu langu chini yake: Safi sana mwanangu.

Nilikwenda Mwanjelwa asubuhi iliyofuata. Alinipa shikamoo, akanipangusia kiti. Nilimweleza yote, pamoja na barua. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, tope lilikuwa langu. Matuta yalikuwa ya mashine." Sijapata kusikia uhakiki wa kazi yake mwenyewe ulio mfupi na wa haki kuliko huo. Kwa nini hakusema siku ile ukumbini? Nilimuuliza. Alisema mtu hasemi hivyo mbele ya mgeni rasmi kuhusu mwalimu wake.

Sitaki msomaji adhani kwamba sasa nimeupenda mfifio kila mahali. Mji umejaa mififio isiyo na sababu. Kadi ya mchango wa harusi inatoka kwenye zambarau kwenda kwenye dhahabu, bango la mgombea linatoka kwenye kijani kwenda kwenye kijani nyingine, hata tangazo la mazishi limefifizwa. Mara nyingi ni njia ya kukwepa kuchagua rangi moja. Kanga haikwepi. Nyekundu yake ni nyekundu hadi ukingoni, kisha nyeusi inaanza, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mpaka unaonekana. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta za kung'aa, za kupakia baiskeli. Wengi waliomfuata walijua kuzichanganya zikiwa mbichi ili mbingu iyeyuke nyuma ya twiga. Lakini twiga mwenyewe walimwacha na ukingo mkali. Wachapaji wa noti nao wana ujanja wao: huweka wino mbili katika roli moja zikutane zikiwa majimaji, mstari mwembamba ukabadilika rangi bila nukta hata moja. Wote hao wana sababu. Mbingu hubadilika kidogo kidogo, na mwizi wa noti hupata taabu. Mchango wa harusi haubadiliki kidogo kidogo.

Jalada la pili lilichapwa mwaka 2019 kwa ofseti, huko Iringa, safari hii kwa fedha zangu na za wanafunzi wa zamani wawili. Kijana alikwenda Uyole jioni tatu mfululizo na daftari. Kati ya buluu na chungwa ameweka njano iliyopauka sana, na juu yake eneo karibu jeupe, kwa hiyo tope limekwisha. Tena ameinyunyizia mbingu vumbi: programu huweza kutawanya chembe ndogo bila mpangilio, hii nyeusi kidogo, ile nyeupe kidogo, hata ukingo wa ngazi unavunjika na jicho linakosa mpaka wa kukuza. Ukikaribia sana unaiona ile chembechembe. Mimi siichukii, mwezi Agosti Mbeya ndivyo ilivyo, mashamba yamekauka na upepo umebeba udongo.

Nina kasoro moja ya kutaja. Karatasi isiyong'aa hunywa wino, nukta zikatanuka, na buluu ya juu imekuwa nzito kuliko alivyokusudia. Pembeni kulia imeziba kabisa. Angepunguza kidogo. Na jina la shule ameliandika kwa herufi zilizofifizwa kutoka nyeupe kwenda njano, jambo ambalo siliafiki hata kidogo, maana herufi si mbingu. Nilimwambia aziache nyeupe tupu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hapana, Mwalimu," na zimechapwa alivyotaka.