Storibodi na Mizani ya Wimbo: Kuhusu Uhariri wa Video za Muziki Kivu ya Kaskazini

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, wimbo umejadiliwa sana kama maneno, na kwa kiasi fulani kama sauti. Wimbo kama picha haujapewa nafasi ya kutosha. Upungufu huu unadhihirika zaidi mjini Goma, ambako muziki na sinema vimefunzwa pamoja, hususan katika kituo cha Yole!Africa kilichoasisiwa na Petna Ndaliko Katondolo. Makala haya yanadai kwamba storibodi, yaani michoro ya matukio inayotangulia kamera, ni matini inayostahili kuhakikiwa, na kwamba udhaifu wa video nyingi huanzia hapo.

Uchukuliwe mfano wa kubuni: wimbo kuhusu msukuma chukudu atokaye Kalengera, katika eneo la Rutshuru, kwenda Goma. Wimbo ni wa dakika 4, wenye mapigo 100 kwa dakika. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, pigo moja ni fremu 15, na fungu la mapigo manne ni fremu 60, yaani sekunde 2.4. Wimbo mzima una mafungu 100. Storibodi yenye michoro 20 hudai kila mchoro ubebe mafungu matano, sawa na sekunde 12. Michache huweza kustahimili mzigo huo.

Mhariri anapoishiwa picha, hukopa zilizozoeleka: mwanajeshi na bunduki yake, mahema ya wakimbizi, moshi wa Nyiragongo. Picha hizo si za uongo. Vita ni vya kweli, na mlima huo ulilipuka mwaka 2002 na 2021. Hata hivyo, wimbo haukuziomba. Mtu aliyechorwa kama mfanyakazi hugeuka mhanga. Hesabu ya fremu, basi, ni suala la maana.

Mshairi wa jadi alilielewa jambo hili. Mshororo wa mizani 16 hugawanywa ukwapi na utao, nane kwa nane, na kina hutangaza pumziko. Vivyo hivyo, kila mchoro uandikiwe idadi ya mafungu utakayobeba na mahali utakapokatwa. Barabara yenyewe inatoa muundo: kutoka Kalengera hupanda hadi Kibumba, kisha huteremka Goma. Penye mpando chukudu husukumwa, na picha ndefu hufaa. Penye mteremko hupandwa, na mikato ya haraka hufuata mapigo. Kiitikio kinaporudi, kirudi na mchoro mpya: mikono, gurudumu, uso wa anayepokea mzigo.

Huenda ikadaiwa kwamba mpango wa aina hii hukandamiza ubunifu. Hoja hiyo haina nguvu. Katika *Alexander Nevsky* (1938), Eisenstein na Prokofiev walipanga kwa makini. Pengine picha zilifuata muziki, pengine muziki ulifuata picha, na filamu haikupoteza uhai. Mpango hauamui kila mkato. Kazi yake ni kufichua pengo mapema, kabla kamera haijaondoka Kalengera. Katika nchi ambayo vita huweza kufunga barabara kwa miezi, kurudi kupiga picha iliyosahauliwa si jambo la hakika. Pengo lisilojazwa kwenye karatasi litajazwa baadaye na taswira za wengine.