Kihansi: Manyunyu Yalipaswa Kutangulia

Kila mfugaji wa chura anaijua kanuni ya kwanza: makazi hutangulia, chura hufuata. Unapanga tangi, unaondoa klorini majini, unapima joto na unyevu mpaka vitulie, ndipo unamwingiza. Kwenye maporomoko ya Mto Kihansi, Tanzania, makazi ya chura mdogo wa Kihansi, walifanya kinyume, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Turudi kwenye uamuzi wenyewe wa kugeuza mto ili kuzalisha umeme. Mitambo ya umeme ilipoanza kuchukua maji, kati ya 1999 na 2000, asilimia 90 hivi ya mto haikufika tena kwenye maporomoko. Mabomba ya kunyunyizia maji badala ya manyunyu ya maporomoko yakaja baadaye. Chura wa Kihansi hafikii hata sentimita 3, na makazi yake yote yalikuwa hekta 2 hivi za majani yaliyolowa manyunyu usiku na mchana. Chura hanywi kwa mdomo. Maji huingia mwilini kupitia ngozi, na sehemu ya hewa vilevile. Ngozi ikikauka, vyote viwili vinakwama.

Nchi ilihitaji umeme, sibishi. Ninachopinga, na nitaendelea kukipinga, ni mpangilio wa kazi. Chura alijulikana tangu 1996. Mabomba yale yangefungwa mto ukiwa bado umejaa, manyunyu yake yakalinganishwa na ya asili, kasoro zikarekebishwa, ndipo maji yakageuzwa. Hakuna fundi aliyehitaji kusubiri mtambo uwake.

Wapo wanaoitupia lawama yote kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura, iliyokutwa idadi ilipoporomoka mwaka 2003. Sikubaliani nao. Chura aliyevurugiwa mazingira huugua upesi. Yeyote aliyewahi kumfuga analijua hilo.

Vyura wapatao 500 waliopelekwa Marekani kuzalishwa mwishoni mwa 2000 nao walitangulia maarifa. Kufikia mwisho wa 2004 walibaki pungufu ya 70. Chura wa Kihansi hapitii hatua ya kiluwiluwi majini. Huzaliwa chura kamili wa milimita 5 hivi, na mdomo wa ukubwa huo haumezi nyenje wa kawaida. Wataalamu wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walijifunza, wakawarudisha Dar es Salaam mwaka 2010 na bondeni 2012. Kazi safi.

Kizazi cha watafiti wa vyura wa Afrika Mashariki, Arthur Loveridge na baadaye Kim Howell, kilianza kwa kuchunguza chura anaishi wapi na vipi. Leo wafugaji wanaanza na kununua. Chura na tangi vinauzwa siku moja, kisha mnyama anapitishwa mkono kwa mkono apigwe picha, chumvi na mafuta ya viganja vikiishia kwenye ngozi yake.

Unayetaka chura wa kwanza, anza na tangi. Kama una wengine nyumbani, mgeni atengwe angalau siku 30, na vyombo vyake visichanganywe. Na kama kipima unyevu bado kinapanda na kushuka, mwache alipo.